Herufi Zisizokua

Mtongwe, Likoni
14 Januari 2025

Mpwa wangu Mwanarusi,

Nimekuficha jambo, na leo nalitanguliza mbele ya salamu, maana nikianza na salamu nitaridhika nazo na barua itaishia hapo. Sioni. Si kwamba macho yamechoka, kama nilivyozoea kuwaambia. La kushoto limezimika. La kulia limebaki na tundu dogo, kama mtu anayechungulia ua wa jirani kupitia tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lina ukungu. Daktari huiita presha ya macho. Nimeificha kwa miaka.

Sasa salamu. Huku hatujambo. Mama yako ni mzima. Mihogo yake ya nyuma ya nyumba imeliwa na panya, na kwa hilo anamlaumu paka wangu, kwamba namlisha akashiba mno. Mzee Gona, yule wa kamati, ameoza mjukuu, na pilau ilikuwa ya kutosha. Mimi tumbo limenikonda. Mara ya mwisho hospitalini daktari hakunipa tarehe ya kurudi. Aliniuliza kama ninalala vizuri, akanishika mkono muda mrefu. Nimefundisha watu kusoma. Yale nayo niliyasoma.

Usishangae kwamba nachapa. Mashine yangu ya chapa ni ile ile ya tangu ujana, na vidole vyangu vinajua kila herufi ilipolala. Barua zako atanisomea Dancun, mpangaji wa chumba cha mbele, karani wa mizigo kule Kipevu. Ni mtu wa bara, Kiswahili chake kinakimbia kama kinafukuzwa, lakini hana mdomo. Simu sitaki. Masikio yangu yananilazimu kuiweka kwenye spika, na ukuta baina yangu na mama yako ni wa udongo.

Bado hataki kusikia jina lako. Nililitaja siku ya harusi ile, akaondoka na sahani mkononi.

Kwa nini nakuambia habari ya macho leo? Kwa sababu kazi yangu maishani ilikuwa herufi. Katika kiwanda cha chapa Changamwe nilizipanga moja moja, za risasi, kinyumenyume, nikazisoma hivyo upesi kuliko wengine walivyozisoma zikiwa zimenyooka. Mtu kama huyo akipofuka huona haya. Nami sitaki kufa huku nikiwa bado najifanya nimeshika gazeti.

Ni mimi mjomba wako,
Hassan Kiponda


Nakuru
2 Februari 2025

Shikamoo Mjomba,

Na wewe Dancun unayesoma, salamu zako pia, na usome polepole.

Huku hatujambo. Baridi imepungua. Mwanangu ameng'oka jino la mbele na anauliza kama babu yake wa Likoni naye anayo mapengo. Nimemwambia unayo ya kumwazima. Kazini hakuna jipya. Bado natengeneza kurasa za watu kwenye mtandao, na bado wateja wanataka kila kitu kiwe kidogo, cheupe na cha kumeremeta.

Barua yako niliisoma jikoni, nimesimama. Pole, Mjomba. Ningetamani ungeniambia mapema, nami najua kwa nini hukuniambia. Lakini nina swali, na si la daktari. Yalianza lini?

Nauliza kwa sababu ya ukurasa wa Kwa Ruwa. Nitaiandika habari hii yote, ijapokuwa unaijua, kwa kuwa nimechoka kuizunguka, na ili Dancun naye ajue anachokisoma.

Barabara ya kwenda bandarini ilipopimwa ikapita juu ya makaburi ya Kwa Ruwa, mliunda kamati. Mkakubaliana kwamba siku ya kufukua, kila familia isimame kichwani pa mtu wake, imtaje jina lake na la mama yake, mifupa ivishwe sanda mpya, ikazikwe upya kule juu. Asiye na wa kumtaja angewekwa kwenye kaburi la pamoja. Dada yangu Menza, aliyekufa kwa homa kabla mimi sijazaliwa, alikuwa pale. Mama alinunua sanda mapema akaifukiza udi.

Matangazo mliyataka kwenye mtandao, kwa kuwa watu wa Kwa Ruwa wametawanyika hadi Utange na ng'ambo za mbali. Wewe katibu ulinipa mimi kazi hiyo. Mwenyekiti aliponitumia siku, niliiandika ukurasani: Jumatatu ya mwisho ya Shaabani, kabla ya mfungo. Mama akaenda Utange kumwuguza binamu yake, akakaa huko mfungo wote. Akarudi baada ya Idi, sanda mkobani, akakuta udongo mwekundu umesawazishwa na trekta. Akanipigia simu. "Ukurasa wako ulisema baada ya Idi, kisha ukaubadilisha." Nikamwambia sikuubadilisha. Akasema, "Basi mimi ndiye mwongo." Akakata. Hayo yalikuwa mwaka juzi, na sijaisikia sauti yake tena.

Sasa kumbuka ulivyonipa kazi ile. Nilikuletea ukurasa ambao herufi zake zilikuwa zikiifuata simu ya mtu. Kama ameweka herufi kubwa kwenye simu yake, ukurasa nao ungempa kubwa. Ukaukataa. Ukataka herufi ndogo za kijivu, ukubwa mmoja kwa kila mtu, na zifungwe, zisikuzwe hata kwa vidole. Ukaniandikia: "Ukurasa si chapati, kila mtu ausukume atakavyo." Nilicheka, nikazifunga. Wewe ndiye uliyenifundisha herufi, ningebisha vipi?

Siku ile, Mjomba, ulikuwa ukiona?

Mpwa wako,
Mwanarusi


Mtongwe, Likoni
20 Februari 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mwanao mapengo ninayo saba, achague.

Mama yako amepaka chokaa ukuta wa mbele kwa ajili ya Ramadhani, peke yake, juu ya kinyago cha ngazi. Nilimwambia ashuke, akasema, "Kaka, wewe tazama tu." Nilitazama, kama alivyosema. Naye hajui kuhusu macho. Anajua kwamba nimekuwa mvivu.

Chakula sasa ni uji. Dancun ananinunulia ndizi mbivu akirudi kazini, ananiwekea mkononi bila kusema.

Unauliza kama nilikuwa nikiona. Nilikuwa nikiona watu, milango, rangi ya kanzu. Kusoma nilikuwa nimeshaacha. Ulipouleta ukurasa wako wa kwanza kwenye kompyuta yako, ukaniketisha kibarazani, niliona mwanga mweupe wenye vumbi. Nikasema ni mzuri lakini herufi zimenenepa.

Nitakueleza nilivyokulia katika kazi hii, upate kunielewa kidogo. Kiwandani ukurasa ulikuwa kitu kizima. Ukishaufunga kwenye fremu yake ya chuma, ukaukaza, haukusogezwa tena na mtu. Msomaji aliukuta kama ulivyo. Herufi kubwa tuliziweka kwenye vitabu vya watoto na mabango ya sinema. Herufi ndogo, zenye nafasi ya kupumua pembeni, ilikuwa ni adabu. Msimamizi wetu alikuwa akisema kazi mbaya huonekana kutoka mlangoni. Basi ulipoanza habari ya herufi zinazokua kwa kila simu, mimi nilisikia kama mtu ananiambia fundi ashone kanzu isiyo na kipimo.

Kwenye kikao Mzee Gona aliuliza, "Katibu, na sisi wenye macho mabovu?" Nikamjibu mbele ya watu, "Mwenye macho mabovu avae miwani, si sisi tuvae upofu wake." Watu walicheka sana. Gona naye alicheka, lakini hakuuliza tena.

Nilisema ni kwa ajili ya uzuri. Hivyo ndivyo nilivyosema.

Dancun amechoka, anataka kulala. Na mimi pia.

Mjomba wako,
Hassan


Nakuru
18 Aprili 2025

Shikamoo Mjomba,

Idi imepita na sikukuandikia. Nisamehe. Nilianza barua tatu nikazichana. Ulisema "hivyo ndivyo nilivyosema", na maneno hayo niliyarudia kuyasoma.

Natumai mfungo haukukuumiza; najua ulifunga ijapokuwa u mgonjwa. Sisi tulikula mikate ya sinia niliyoipika mwenyewe, ikapasuka katikati. Mama angecheka. Dancun, nasikia kwa mjomba unamletea ndizi. Mungu akulipe.

Kazini amekuja mwenzetu mpya, Mueni, mtu wa Kitui. Kazi yake ni kuzijaribu kurasa kabla hazijatoka. Anaona kwa pembe ya jicho tu, hugeuza kichwa kama kuku anayeangalia mwewe. Simu yake ameiwekea herufi kubwa, maneno matatu au manne kwenye mstari. Nilimwonyesha kazi zangu za zamani ili anisifu. Alipofika kwenye ukurasa wa Kwa Ruwa aliweka vidole viwili kwenye kioo akavitanua. Hakuna kilichokua. Akavitanua tena. Akaniuliza, "Huu uliwaandikia mwewe?"

Nikamwambia ni wa makaburi, ni wa wazee.

Akasema, "Aii. Wazee ndio ukawafungia mlango? Si ungewafungia vijana, wao wana madirisha."

Watu waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, halafu nikaenda chooni nikakaa. Mjomba, sikuwahi kuona haya kama siku ile. Kila kitu nilikijua. Najua kwamba ukipima herufi kwa pikseli, zile nukta za kioo, na kuzigandisha, simu ya mtu haina la kusema tena. Najua kwamba kijivu juu ya nyeupe kinapotea juani. Nilijifunza darasani yote haya. Nikayaacha, kwa kuwa mjomba wangu amesema, na kwa kuwa ukurasa ulipendeza kwenye kioo changu kikubwa na macho yangu ya ujana.

Jioni niliufungua tena, safari hii kwa simu ndogo kama ya Mama, nikiwa nimesimama mlangoni juani. Nikaona nilichokifanya. Tangazo la kwanza, lile la mwanzoni mlipodhani kazi itaanza baada ya Idi, sikuliondoa. Nililiacha pale juu. Lile jipya la Shaabani nililiweka chini yake, kwa herufi zile zile, rangi ile ile. Mwenye macho mazuri atasoma yote mawili na kuelewa. Mama ana mtoto wa jicho anayeanza. Atakuwa amesoma la juu, akachoka, akaridhika.

Basi hakusema uongo. Aliyasoma maneno "baada ya Idi" kwa sababu niliyaacha pale, na la kweli nililifanya lisisomeke. Mimi niliyekuwa nikimwambia kwa kiburi kwamba sikuubadilisha ukurasa, nilikuwa nimempoteza kwa namna nyingine. Nilimfanya mama yangu amkose mwanawe mara ya pili.

Nimeubadilisha sasa. Herufi zinakua, tangazo la zamani nimelifuta. Hakuna anayeusoma tena, lakini nimeubadilisha.

Nataka nije Idi ya kuchinja. Nitampigia magoti Mama, nimwambie kosa ni la herufi zangu. Ila kwanza nataka kukuuliza wewe uliyekuwapo. Inawezekana ndivyo ilivyokuwa?

Mwanarusi


Mtongwe, Likoni
9 Mei 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii ni fupi.

Mvua za masika zimeingia chumbani. Mama yako ameweka sufuria chini ya uvujaji. Hajambo. Ameanza kunilisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na anapiga soga za jirani ili nisione haya.

Dancun alinisomea barua yako mara mbili. Mara ya pili nilimwomba mimi.

Unauliza kama inawezekana ndivyo ilivyokuwa. Huenda ndivyo ilivyokuwa.

Usije Idi hii. Ngoja nipate nafuu. Mama yako bado ni mgumu.

Hassan


Nakuru
17 Mei 2025

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo, na mtoto hajambo. Leo sina habari nyingine.

Sikungoja nafuu. Nilimtumia Mama ujumbe kwa sauti, najua kusoma kwenye simu kunamsumbua. Nilimweleza yote: tangazo la juu na la chini, herufi ndogo, rangi ya kijivu. Nikamwambia, "Mama, macho yako hayakukosa. Mimi ndiye niliyekosa. Nisamehe."

Siku mbili hakujibu. Jana akajibu. Mjomba, nimeisikiliza sauti yake mpaka mtoto akaniuliza ni nani huyo bibi. Alisema maneno haya tu: "Mimi sikusoma. Tangu lini mimi nikasoma kwenye simu? Nilisomewa."

Nikampigia, hakushika. Nikamtumia tena, nikamwuliza, ulisomewa na nani? Akajibu, "Mwenyewe anajijua." Na baada ya hapo hakuna tena.

Basi yale niliyoyaamini mwezi mzima sivyo yalivyokuwa. Na mtu aliyesoma, alisoma kwa macho yake yeye, ama la kwanza ama la pili, akamwambia.

Nimeketi nikijaribu kumkumbuka mtu mwingine wa nyumba ile ambaye Mama angempa simu yake. Dancun alikuwa hajahamia. Gona hakanyagi kwetu. Sijampata mwingine.

Nakuuliza kwa heshima zote, wala sitauliza mara ya pili. Alisomewa na nani?

Mwanarusi


Mtongwe, Likoni
30 Mei 2025

Mpwa wangu Mwanarusi,

Marahaba. Mama yako hajambo, na safari hii nalisema kwa yakini, kwa kuwa ameketi ukingoni mwa kitanda changu na goti lake linagusa meza ya mashine. Nilimwomba aje baada ya sala ya Ijumaa. Nikamwambia nataka kumwandikia Mwanarusi, na kwamba kila neno nitalitamka kabla ya kulichapa, lisiwepo neno lako ambalo si lake pia. Akasema, "Mimi na huyo hatuandikiani." Nikamwambia, "Barua ni yangu. Wewe sikiliza tu." Amekaa. Nasikia anachambua mchele.

Barua yako Dancun aliisoma mpaka kwenye swali. Alilisoma swali, akaikunja barua. Nikamwambia aendelee, akasema hakuna zaidi. Kisha akasema, "Mzee, mimi nalipa kodi ya chumba tu. Hii ingine si yangu." Akaiweka karatasi mkononi mwangu akaenda kazini. Nilikaa nayo siku nzima. Ilikuwa nyepesi.

Nimemwambia mama yako kwanza habari ya macho. Ungo umetulia. Ameuliza, "Huoni tangu lini?" Nikamwambia tangu kabla ya kamati. Akasema, "Na ngazi ile? Nilikuambia utazame." Nikamwambia nilitazama upande uliotoka sauti yako. Amecheka kidogo, kisha akaacha.

Sasa habari ya herufi, maana umejitwika mzigo ambao si wako. Nilikuandikia kwamba nilisema ni kwa ajili ya uzuri. Nilisema hivyo, na haikuwa kweli. Herufi zinazokua zilinitisha. Mtu akiishika simu ya mwenzake, ukubwa wa herufi humwambia ukubwa wa maradhi ya mwenyewe. Niliona siku ambayo Gona angenipa simu kikaoni, mbele ya watu, aniambie, "Katibu, tusomee, zikuze utakavyo." Ningezikuza mpaka neno moja lijaze kioo, na hilo moja lingenishinda. Zikifungwa, kila mzee angelalamika kwamba hasomi, na kutosoma kwangu kungejificha ndani ya kwao. Na ndivyo ilivyokuwa. Kwenye kikao mtu akisema haoni kitu, nilisema, "Na mimi pia, huyu mpwa wangu ametukomesha," tukacheka. Nilikutaja wewe.

Wazee wa Kwa Ruwa niliwafungia mlango ili nipate pa kujificha.

Mama yako ameuliza, "Wote?"

Nimemwambia, wote.

"Chapa, basi. Mbona umesimama?"

Nachapa.

Siku ya kufukua ilirudishwa nyuma, kabla ya mfungo, kwenye kikao ambacho sikuwapo. Wahandisi waliomba, mwenyekiti akakubali, akakutumia wewe tangazo. Waliokuwapo walijua. Waliokosa waliambiwa watazame ukurasa. Mimi nilikosa. Nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda mazikoni Msambweni.

Mama yako amesema, "Ulikwenda. Nilikupa mikate ya mofa upeleke matangani."

Nimemwambia, "Sikwenda Msambweni, Salha. Nilikwenda hospitali ya macho."

"Na mikate?"

"Niliila kwenye foleni."

Ungo ameuweka chini. Nimeusikia ukigusa sakafu. Nami nikaogopa kwamba ameondoka, nikanyoosha mkono, nikamkuta. Hakuuondoa mkono wangu, wala hakuushika.

Hospitalini waliniambia hakuna la kufanya ila dawa ya kudondoshea, na kwamba nije na mtu wangu wa karibu mara nyingine. Sikurudi. Ningekuja na nani? Nilirudi Mtongwe jioni nikasema mazishi yalikwenda vizuri. Hakuna aliyeniambia habari ya siku mpya, kwa kuwa mimi ndiye katibu, na nani angedhani katibu hajui?

Jumatatu ile ya Shaabani nilikuwa nimelala. Gona, ambaye hakanyagi kwetu, alikuja adhuhuri, viatu vyake vina udongo, akaniuliza mbona mtoto wa Salha hakusimamiwa na mtu. Nikainuka nikaenda naye. Tulipofika, trekta lilikuwa limekwisha kuipita safu ya watoto. Mashahidi yale mawili ya kaburi lake, jiwe la kichwani na la miguuni, yalikuwa yametupwa pamoja na mengine, na mimi nisingeyatambua hata yangekuwa yamesimama. Wale wasiotajwa walikuwa wamekwisha kuingizwa shimoni pamoja. Ningeweza kumpigia simu mama yako Utange saa ile ile. Sikumpigia. Nilijiambia ana mgonjwa, tena mfungo unaingia.

Aliporudi baada ya Idi, alinikuta kibarazani, sanda ingali mkobani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kaka, si ulisema?" Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Pangetosha sentensi moja. Nikamwambia, "Ukurasa ulibadilishwa, Salha. Muulize mwanao."

Hivyo ndivyo alivyokupigia simu. Maneno aliyokutupia yalikuwa yangu.

Mwanarusi, tangazo lako la juu na la chini halikumpoteza mtu. Mama yako hakuyatazama, wala aliyeshika simu hakujua kama kuna moja au mawili. Uliponiuliza kama inawezekana ndivyo ilivyokuwa, nami nikakujibu huenda, nilijua sivyo. Niliona umenifungulia njia ya kufa na heshima yangu, kwa wewe kupiga magoti badala yangu, nikaipita. Hilo nimelifanya mwezi huu, nikiwa na kifo mlangoni, baada ya kukuambia kwamba sitaki kufa huku najifanya nimeshika gazeti. Sina la kulifunika.

Mama yako ananiambia niseme yaliyobaki. Anasema ameyajua yote isipokuwa moja. Anajua ni mimi niliyemsomea. Miaka miwili hakukutajia jina langu, kwa kuwa hakutaka mwanawe amsikie mjomba wake akisemwa, na kwa kuwa aliamini nilisoma kilichokuwapo. Sasa anauliza, na sauti yake ni ya chini, si ya ugomvi: "Kaka, siku ile ulisoma nini?"

Namjibu, na nakuandikia.

Alikuwa amejifunga mtandio wa safari. Alinipa simu pale uani, akasema, "Nisomee, wanaanza lini, nijue kama niende au nisiende." Niliisogeza karibu na pua. Nikaigeuzia kivuli. Nikapitisha kidole juu yake, kushoto kwenda kulia, kama mtu anayefuata mstari. Hakukuwa na mstari, Salha. Ilikuwa nyeupe tupu. Nikakuambia, "Baada ya Idi. Nenda Utange kwa amani."